Wanaoidharau Sindano

Dharau ni ugonjwa wa macho. Mtu aliyeshikwa nao hutazama kitu chenye thamani akaona takataka, na hutazama takataka ing'aayo akaona johari. Kazi nyingi katika nchi yetu zimepatwa na jicho hilo baya, lakini ni chache zilizodharauliwa kuliko kazi ya kufuma kwa mkono. Mwanafunzi akionekana na kitabu mapajani, husifiwa kuwa ana bidii. Akionekana na uzi na sindano mbili, huulizwa kama amekosa la kufanya. Msichana akimfumia kofia mtoto mchanga wa jirani, watu husema ni vyema, lakini kwa sauti ile ile itumiwayo kumsifu mtoto aliyejenga nyumba ya mchanga. Mvulana akifanya hivyo, huambiwa maneno ambayo hayafai kuandikwa katika kitabu cha shule.

Insha hii imeandikwa ili kuipinga dharau hiyo. Dai lake ni moja: kufuma, pamoja na kazi nyingine za mikono zifanywazo nyumbani, ni elimu kamili inayowapasa wavulana na wasichana sawasawa, na taifa linalowaacha vijana wake wajue kununua tu bila ya kujua kutengeneza, linalea watumwa wa duka. Wapinzani wa dai hili si wachache, na baadhi yao ni watu wenye akili. Basi na tuzisikilize hoja zao moja moja, tuzipime, tuone zina uzito gani.

Kwanza lakini tutazame mahali tulipo. Watu wa mbali wakisikia jina la Kenya hudhani ni nchi ya jua kali tu. Mji wa Nakuru, ambao ulipewa hadhi ya jiji 2021, umekaa ndani ya Bonde la Ufa kwa kimo cha mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukiondoka hapo kuelekea magharibi, ukapita Njoro na Molo, unaupanda ukingo wa Mau mpaka unazidi mita 2,400. Na ukiifuata reli ya kwenda Uganda utafika Timboroa, ambako njia ya garimoshi imepita juu ya mita 2,700. Huko asubuhi za mwezi wa Julai ukungu hulala juu ya mashamba ya viazi na pareto, na mvuke hutoka kinywani mwa mtu kila asemapo neno.

Katika baridi hiyo watoto huzaliwa kila siku. Mtoto mchanga hana uwezo wa kuitunza hari yake kama mtu mzima. Hari ya mwili wake yapasa kuwa kati ya digrii 36.5 na 37.5, lakini mwili wenyewe ni mdogo, ngozi yake ni nyembamba, na kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili wake kuliko kilivyo kichwa cha mtu mzima. Ndiyo sababu wakunga hufundishwa kumkausha mtoto mara tu azaliwapo, kumlaza kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, na kumfunika kichwa. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, hari ikipungua, maisha nayo hupungua. Kofia ya sufu basi si pambo, ni ngao. Anayesema kwamba kofia ya mtoto ni mchezo wa akina nyanya hajalala usiku mmoja katika nyumba ya mbao huko Molo.

Sasa tuzijie hoja za wapinzani. Hoja ya kwanza husema kwamba kufuma ni kazi ya mikono isiyohitaji akili, kwa hiyo yawafaa wale walioshindwa na masomo. Wenye kusema hivi hawajapata kufuma. Ufumaji wote hujengwa kwa vitanzi vya uzi vinavyoshikana, kimoja kikipita ndani ya kingine, safu juu ya safu. Nani atajua vitanzi vingapi vinatosha? Hapana budi kupiga hesabu. Mfumaji mwenye busara hufuma kwanza kipande kidogo, akakipima kwa rula. Tuseme amepata vitanzi 20 katika kila sentimita 10. Kichwa cha mtoto mchanga kina mzingo wa sentimita 35 hivi, na kofia yapasa kupungua kidogo ili ishike, mathalani sentimita 32. Kwa kuwa kila sentimita ni vitanzi 2, ataanza na vitanzi 64. Lakini kama amekaza mkono kuliko alivyodhani, akawa anapata vitanzi 22 badala ya 20, kofia ile ile ya vitanzi 64 itakuwa na sentimita 29 tu, nayo itambana mtoto kichwa. Tofauti ya vitanzi viwili imeharibu kazi ya siku mbili.

Akifika utosini, hesabu huanza upya. Hugawanya vitanzi 64 katika mafungu 8 yenye vitanzi 8 kila moja, na katika kila safu ya kupunguza huondoa kitanzi kimoja cha kila fungu. Baada ya safu 7 za namna hiyo hubaki vitanzi 8, uzi ukapitishwa ndani yake na kukazwa, na kofia ikafunga kama ua lililolala. Hapa pana kipimo, uwiano, kugawanya na kutoa. Na vyote vina sababu inayoonekana kwa macho na kushikika kwa mkono. Mwanafunzi anayelalamika kwamba haoni faida ya uwiano darasani, ajaribu kumfumia kofia ndugu yake mchanga. Ataiona faida hiyo kabla ya jua kuchwa.

Tena iko tabia ambayo sindano huifundisha bila ya hotuba. Kitanzi kilichoponyoka hakikubali udhuru. Hushuka safu baada ya safu, kikiacha nyuma yake ngazi ya aibu, mpaka mwenyewe arudi akiinue au afumue kazi yake aanze tena. Hapana mwenzi wa kunakilia jibu lake, wala hapana alama ya huruma. Saburi ya kukubali kufumua kilichokwenda vibaya ni adimu hata miongoni mwa watu wazima wenye vyeo.

Hoja ya pili ni ya soko. Husemwa: kwa nini mtu ajisumbue siku mbili, na hali sweta za watoto zimejaa sokoni kwa bei ndogo? Hoja hii ina nguvu, na haifai kuchekwa. Mama mwenye shilingi chache hana kosa akinunua mtumba, na wanaomlaumu mara nyingi ni watu ambao hawajapata kukosa. Lakini tuangalie urahisi huo ulikuja na nini. Tangu milango ya biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1990, nguo kuukuu za ng'ambo ziliingia nchini kwa wingi, na viwanda vyetu vya nguo, ambavyo vilikuwa na maradhi yao mengine pia, vikadhoofika. Kiwanda cha Rivatex cha Eldoret kilianguka. Kilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi 2007, na kufufuliwa kwake kulichukua miaka mingi. Kiwanda kikifa huweza kununuliwa na kufufuliwa. Ujuzi ukifa mikononi mwa watu, unanunuliwa kwa nani?

Isitoshe, anayejua kutengeneza hununua kwa akili kuliko asiyejua. Mfumaji akishika sweta sokoni hujua kama ni sufu au ni uzi wa kiwandani uliotokana na mafuta ya petroli. Akichoma kipande kifupi cha uzi, sufu huungua polepole, hunuka kama nywele na kuacha majivu yanayosagika vidoleni. Uzi ule mwingine huyeyuka ukawa donge gumu. Hilo si jambo dogo katika nyumba inayootea moto wa makaa, kwa maana kinachoyeyuka katika jaribio huweza kuyeyuka juu ya ngozi ya mtoto. Hujua kwamba sufu huhifadhi hari hata ikiwa na unyevu kidogo, na kwamba ikioshwa kwa maji ya moto na kusuguliwa hujikunja ikawa ngumu kama zulia. Hujua kwamba ufumaji wenye matundu mapana hunasa vidole vya mtoto, na kwamba kamba ndefu ya shingoni ni hatari hata ikipendeza namna gani. Asiyejua haya hununua rangi tu.

Na mtumba wenyewe, mikononi mwa fundi, si mwisho wa nguo bali ni mwanzo wake. Sweta pana ya mtu mzima iliyochakaa viwiko yaweza kufumuliwa, uzi wake ukazungushwa, ukaoshwa, ukatundikwa ukiwa majimaji ili unyooke, kisha ukafumwa kuwa kofia, soksi na blanketi la mtoto. Lakini si kila sweta inakubali. Mjuzi huigeuza ndani na kutazama mishono: ikiwa kingo zimefumwa zikaishia pale pale, uzi utafumuka mrefu kama mto, ikiwa kingo zimekatwa kwa mkasi na kushonwa kwa cherehani, uzi utatoka vipande vipande na kazi itakuwa bure. Ni ujuzi usiohitaji shilingi, nao huweza kugeuza kitu cha bei ya chini kuwa zawadi isiyouzwa popote. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Lakini iliyofumuliwa na kufumwa upya si ya kuazima tena.

Hoja ya tatu ni kongwe na haina aibu: kufuma ni kazi ya wanawake. Kama hivi ndivyo, mbona katika barabara za Nakuru wanaume huketi barazani mwa maduka wakishona suruali na magauni kwa cherehani, na hapana anayewacheka? Jibu ni chungu. Sindano ikileta fedha huitwa ufundi, na fundi huitwa bwana. Sindano ikileta kofia ya mtoto huitwa kazi ya wanawake, na mwenye kuifanya haitwi kitu. Basi kinachodharauliwa si sindano. Anadharauliwa mama, pamoja na kazi yote ya nyumbani isiyolipwa mshahara.

Ulimwengu una ushahidi wa kutosha dhidi ya hoja hii. Katika kisiwa cha Taquile, ndani ya ziwa Titicaca nchini Peru, ni wanaume wanaofuma kofia. Wavulana hujifunza wangali wadogo, na kofia ya mtu hueleza hali yake mbele ya watu. UNESCO iliitangaza sanaa ya nguo ya kisiwa hicho kuwa urithi wa binadamu mnamo 2005. Huko Bara Hindi, Mahatma Gandhi, mwanasheria aliyesoma London, alikaa chini akasokota pamba kwa mkono, akawahimiza wanaume kwa wanawake wafanye vivyo hivyo ili waache kutegemea nguo za viwanda vya Uingereza. Hakuna aliyesema kwamba Gandhi amekosa kazi. Dola kubwa ilijua kwamba mtu anayeweza kujivika mwenyewe ni vigumu kumtawala.

Hoja ya nne ndiyo nzito kuliko zote, nayo hutolewa na watu waliosoma historia. Wao husema: kufuma kwa sufu kuliletwa na wakoloni, kukafundishwa ili kuwatuliza wanawake wetu; kwa nini tukuenzi? Ni kweli, na haifai kuficha. Mapatano ya 1904 yaliwaondoa Wamaasai katika sehemu hizi za Bonde la Ufa, wengi wakapelekwa Laikipia, na kuanzia 1911 wakaondolewa huko pia. Lord Delamere alipewa ekari 100,000 huko Njoro 1903, akaleta kondoo wa Merino kutoka New Zealand. Wengi wao walikufa, maana malisho ya huko yalipungukiwa na madini, na hatimaye damu ya kondoo hao ikachanganywa na ya kondoo wa Wamaasai. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa 1952, mwaka ule ule ilipotangazwa hali ya hatari, na vilabu vyake vilivyofundisha malezi, kushona na kufuma vilitumiwa na serikali ya wakati huo kuwavuta wanawake wajitenge na Mau Mau.

Yote hayo ni kweli. Lakini hayathibitishi kwamba sindano ina hatia. Chombo hakiulizwi kililetwa na nani, huulizwa kinamtumikia nani. Reli ililetwa na walio sindano, na hapana anayetaka ing'olewe. Tena si kweli kwamba mikono ya watu wa bonde hili ilikaa bure mpaka mgeni alipofika. Wanawake wa Kikuyu walisokota nyuzi za miti wakasuka vyondo. Wanawake wa Kalenjin walitayarisha vibuyu vya maziwa ya mursik, wakavipamba kwa shanga na ngozi. Wanawake wa Kimaasai walipanga shanga kwa hesabu ya rangi ambayo mgeni hawezi kuisoma. Uzi wa sufu ulipofika uliikuta mikono yenye elimu. Na leo huko huko Njoro, kundi la wafumaji liitwalo Kenana Knitters, lililoanza 1998, lina wanawake wa vijijini wanaosokota sufu kwa mkono, wakaitia rangi za mimea, wakafuma wanyama wa kuchezea watoto ambao huuzwa mpaka ng'ambo. Sufu iliyoingia nchini pamoja na dhuluma sasa huwalipia watoto wa wanawake hao karo. Kuitupa si kulipiza kisasi. Ni kujinyang'anya mara ya pili.

Tumemaliza hoja za wapinzani, lakini hatujamaliza lawama. Shule nazo zina sehemu yake. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985, sanaa na sayansi kimu zilifundishwa na kutahiniwa. Wanafunzi walijifunza kufuma, na asiyekuwa na sindano alinoa spoki mbili za baiskeli. Baadaye masomo hayo yaliondolewa katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na kama ijulikanavyo, kisichotahiniwa hakifundishwi. Mtihani huo wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho 2023, na mtaala wa umilisi, ulioanza kuenezwa nchini 2019, ukarudisha kazi za mikono kwa nia njema. Tukafanya nini na nia hiyo? Wako wazazi wanaokesha wakimfanyia mtoto kazi aliyopewa yeye, na wengine huinunua sokoni ikiwa tayari. Mtoto hupata alama kwa mkono wa mwingine, na mwalimu hutia sahihi. Huko ni kumfundisha mtoto kwamba hata kazi yake mwenyewe ni bidhaa. Udongo uwahi ungali maji: anayejifunza udanganyifu huo akiwa na miaka kumi, atautumia akiwa na miaka arobaini, na wakati huo hatakuwa akidanganya juu ya kikapu.

Wako pia marafiki wabaya wa sindano, ambao sifa zao ni hatari kuliko matusi ya adui. Hao huwaambia wanawake maskini wafume watatajirika, kisha hununua kazi ya siku nne kwa bei ya kikombe cha chai. Wengine huona kofia ya kufuma imemfunika mtoto, wakasahau kwamba hospitali inahitaji vitanda, wauguzi na umeme. Kofia haichukui nafasi ya mkunga, na sifa hazijazi kibaba. Anayeheshimu kazi ya mkono hulipa thamani yake, na haombi apunguziwe bei kwa sababu tu imefanyiwa sebuleni badala ya kiwandani.

Vijana mnaosoma, jambo hili liko mikononi mwenu kwa maana halisi ya neno. Katika vijiji na mitaa yenu wako nyanya na shangazi wanaojua kufuma, nao hawataishi milele. Nendeni kwao kwa adabu, wavulana kwa wasichana, mkaombe kufundishwa kabla ujuzi huo haujazikwa pamoja nao. Anzeni na kipande cha kupimia, kisha kofia, kisha soksi, ambayo kisigino chake kitawashughulisha kuliko fumbo lolote la hesabu. Mtoto akizaliwa karibu nanyi, mpelekeeni kitu mlichokifuma wenyewe. Huenda kikapinda kidogo upande mmoja. Mtoto hatajali, na mama yake ataona kwamba kuna mtu aliyempa mwanawe saa zake, ambazo hakuna tajiri awezaye kuzichapisha kama noti.

Na atokeapo wa kuwacheka, msimtukane. Mpeni uzi na sindano, mkamwambie afume safu kumi bila ya kupoteza kitanzi. Dharau nyingi huishia katika safu ya tatu.